Tope Chini ya Uzio

Las Tapias
9 Agosti 2011

Mdogo wangu Nohemí,

Salamu zangu zinakuja zimepoa, maana barua hii inasafiri ndani ya sanduku moja na barafu na damu, na Melquiades wa basi ameapa hatalifungua hata akishikwa na kiu. Sisi hatujambo. Goti la Mama ni lile lile na ulimi wake ni ule ule. Anauliza kama unakula. Nikamwambia mtu wa miaka arobaini na minne anayeishi Monterrey hawezi kukosa mgahawa. Akanijibu, "Mgahawa si kula." Basi anza na hilo ukijibu, mengine yafuate.

Mvua ya mwisho tuliiona Septemba ya mwaka jana, nayo ilipita kama mdai aliyekosea nyumba. Kutwa nzima unasikia moto wa gesi ukivuma, watu wanaunguza miiba ya mipungate ili ng'ombe waile. Mimi ng'ombe hawanihusu. Mimi ni mtu wa kulungu, na kulungu ndio walionifanya nishike kalamu.

Tangu Jumamosi wamekufa wanne ndani ya uzio. Ni katika wale ambao Inginia Elizondo, mwenye ranchi, aliwanunua kaskazini miaka miwili iliyopita, wenye karatasi za ukoo ndefu kuliko za kwetu. Asubuhi mmoja anasimama mdomo wazi, anatoa povu. Mchana ulimi umevimba na umegeuka buluu, kama aliyeramba wino. Jioni anakwenda hodhini, analala ndani ya maji hadi shingoni, na hapo ndipo ninapomkuta kesho yake. Kwato za mmoja zilikuwa zinabanduka kama viatu vya mitumba.

Daktari wa Inginia alikuja, akasimama dakika kumi bila kuvua miwani ya jua, akasema nitoe damu niipeleke maabara ya Monterrey. Sikumwambia kwamba anayesoma damu humo ni dada yangu. Angetaka kupunguziwa bei.

Sasa sikiliza. Inginia ameshatoa hukumu.

"Abdón, hawa wa nje ndio walioniletea maradhi. Wa porini."

"Wamekuleteaje, Inginia? Uzio una mita mbili na nusu."

"Kwa pumzi."

Mtu aliyesomea madaraja akikwambia pumzi, unaitikia. Amesema ikionekana kuna ugonjwa, ataajiri watu wapige kila kulungu aliye nje ya waya, kuanzia kijito hadi barabara kuu, kabla wageni wa kuwinda hawajaja Desemba. Miaka ishirini na miwili nimewaona wale wa nje kila asubuhi. Si wangu, si wake, hawana hata majina. Lakini hawakumwita mtu huku.

Fanya haraka, na ufanye kweli.

Kaka yako,
Abdón


Monterrey
15 Agosti 2011

Kaka Abdón, shikamoo.

Mwambie Mama nakula. Jana nilipika nyama kavu na mayai kwa mkono wangu, nikala nimekaa, kwenye sahani. Hilo la sahani mwambie kwa mkazo. Afya yangu ni ya mtu anayetazama vitobo vidogo vya kupimia damu saa tisa kwa siku: macho yananiwasha, mgongo umeandika barua yake ya kuacha kazi.

Damu ilifika ikiwa baridi, hongera. Ila vichupa umeviandika kwa kalamu ya seremala, na kimoja umekiita "Yule Mwenye Kiburi". Daftari letu lina nafasi ya namba tu. Nimempa namba sita.

Nakueleza kama nilivyoelezwa mimi, kwa sababu na mimi sikusomea, nilizoea tu. Ni virusi, vya ule ugonjwa unaomfanya kulungu avuje damu ndani kwa ndani. Haviendi kwa pumzi, mwambie Inginia. Vinabebwa na visubi, wale wadudu wadogo kama punje ya pilipili manga wanaouma jioni. Kisubi anamwuma mgonjwa leo, baada ya siku kadhaa anamwuma mzima, basi.

Mnyama akiugua akapona, damu yake inabaki na askari wanaoikumbuka sura ya adui. Tunawaita kingamwili. Mimi natafuta hao. Nikiweka damu kwenye kitobo na dawa, rangi inaniambia kama wapo. Kati ya kulungu wako saba, mwenye kingamwili ni mmoja. Hawa wa kaskazini hawajawahi kukutana na virusi vya kwenu. Wamefika mjini jana na hawamjui mwizi.

Nataka vitu viwili. Kwanza, damu ya wale wa porini, yoyote utakayopata. Pili, unijibu: tope liko wapi? Visubi hutaga kwenye tope lililokanyagwa, lenye samadi, pembeni ya maji. Huko kwenu nchi imekauka yote. Kwa hiyo kama tope lipo, ni moja tu, na wewe unalijua.

Mdogo wako,
Nohemí


Las Tapias
24 Agosti 2011

Mdogo wangu,

Tumepokea salamu, Mama kazipokea mara mbili. La sahani amelikubali, la mayai analichunguza. Mimi mzima, isipokuwa usingizi unanijia mchana nikiwa nimesimama, kama farasi.

Damu ya porini hii hapa, vichupa kumi na vinne, na safari hii nimeandika namba ili usinione mshamba. Usiniulize niliipataje kirahisi hivyo. Inginia hakungoja. Aliposoma neno "virusi" kwenye ile karatasi ya kwanza ya maabara yenu aliikunja pale pale, ya visubi akayaacha yajisome yenyewe. Ameajiri ndugu wawili kutoka ng'ambo ya bonde, na mimi nawafuata nyuma na vichupa kama muuza maziwa. Ukichelewa, damu inaganda. Unapiga magoti, unachoma sindano moyoni kungali na joto, unasema samahani, unaandika namba.

Mkubwa wa wale ndugu ameniuliza, "Mzee, hiyo damu unampelekea nani, mganga?"

"Dada yangu."

"Anainywa?"

"Anaisoma."

Akacheka hadi akakohoa. Si mtu mbaya. Analipwa kwa kichwa na ana watoto watano.

Ndani ya uzio wamefika kumi na mmoja. Juzi amekwenda Gavana, lile dume ambalo Inginia amelitia kwenye kalenda ya ofisi yake. Pembe bado zilikuwa na ngozi yake laini. Alilala hodhini kama mtu aliyekwenda kuoga akapitiwa. Inginia alikuja, akavua kofia, akasema, "Huyu ni gari langu jipya lililokufa, Abdón." Nadhani kwa namna yake alikuwa analia.

Umeuliza tope. Nohemí, huku hata mate yameadimika. Tope litoke wapi?

Kaka yako,
Abdón


Monterrey
1 Septemba 2011

Kaka, shikamoo. Natumaini goti la Mama limepungua. Mimi sijambo, ila nina hasira, na Mama alitufundisha tusizitume kwa posta. Nimengoja siku mbili zipoe. Hazijapoa vizuri.

Kwanza majibu. Katika kumi na wanne wa porini, kumi na watatu wana kingamwili. Nimerudia mara mbili, mkuu wangu karudia ya tatu. Maana yake ni kwamba karibu wote waliugua zamani, pengine wadogo, wakiwa bado na kinga ya maziwa ya mama zao, wakapona. Wameishi na virusi hivi tangu babu zao. Aliyepona hana tena cha kumpa kisubi. Wale ndugu wawili wanawapiga hasa wale wasioweza kumwambukiza mtu.

Lakini namjua Inginia wako ingawa sijamwona. Ataona "kumi na watatu kati ya kumi na wanne" na atasema, unaona, wote wanao. Karatasi yetu inaandika "chanya". Kwa mtu asiyejua, chanya ni mgonjwa. Kwetu ni aliyeugua akamaliza. Karatasi haina sehemu ya kuandika tofauti hiyo kwa herufi kubwa.

Sasa la tope. Lile sanduku ulilifunga kwa utepe wa gundi, ukauzungusha mara nne kwa sababu humwamini Melquiades. Nilipoubandua, kwenye gundi kulikuwa na wadudu tisa wamenasa. Niliwatia chini ya darubini. Visubi, majike, watatu wameshiba damu. Wadudu hawa hawapendi safari, Kaka. Hukaa karibu na tope walilozaliwa. Ulifungia sanduku wapi? Mezani kwa Mama? Au umekaa kwenye ukingo wa hodhi, kama ninavyokujua?

Sikuulizi kama tope lipo. Nakuuliza kwa nini umenidanganya mimi.

Mdogo wako,
Nohemí


Las Tapias
22 Septemba 2011

Nohemí,

Najua nimechelewa. Wiki tatu nimekuwa nikianza barua hii na kuitumia kuwashia jiko. Mama mzima, ananitazama.

Ilikuwa Mei. Hodhi letu, unalikumbuka, liko ndani ya uzio na maji yanakuja na pampu ya upepo. Boya likipanda, maji yanafunga. Wale wa nje walianza kuja kila alfajiri, wanapenyeza pua kwenye waya. Wananusa maji yaliyo hatua tatu mbele yao. Kulikuwa na jike mmoja mwenye mimba, alisimama tangu giza hadi jua likamkuta, hakutikisa hata sikio. Mimi nikiwa ndani namwaga pumba kwa wale wenye karatasi za ukoo. Nikaona aibu, na aibu ya kutazamwa na mnyama ni mbaya kwa sababu hana la kusema ukamjibu.

Nikachukua kipande cha waya, nikalifunga boya lisipande. Maji yakafurika, yakapita chini ya uzio, yakafanya dimbwi upande wa pili. Kazi ya dakika mbili.

Unajua tulivyolelewa. Mwaka ule wa kiangazi kikubwa, Baba alikuwa hajasema na Don Leocadio miaka kumi na moja kwa ajili ya mpaka wa shamba. Mbuzi wa Leocadio walipokuja, akawafungulia hodhi. Mama akamwuliza, akasema, "Yeye simwongeleshi. Mbuzi sina ugomvi nao." Kwetu hakuna sheria nyingine. Maji hayanyimwi. Hakuna aliyetuambia maji yana upande wa pili.

Na kweli, pande zote mbili pakawa tope. Wa ndani wanakanyaga huku, wa nje huko, visubi katikati wamefungua sherehe. Ulipoandika mara ya kwanza, jioni ya kuamkia siku niliyokujibu nilikwenda kupatazama. Hewa ilikuwa inatembea. Nikajua. Nikakuandikia kuhusu mate.

Sasa ngoja nikupe lililonifanya niache kulala. Wale ndugu hawahangaiki porini. Wanakaa kwenye kivuli cha mgunga mkabala na dimbwi, na kulungu wanakuja wenyewe. Juzi yule mkubwa akaniambia, "Mzee, aliyeweka maji hapa Mungu ambariki. Kazi imekuwa ya kukaa." Nikamwambia amina.

Nilifikiri kufungua ule waya. Lakini nikiufungua Inginia ataona tope linakauka, atauliza lilitoka wapi. Nisipoufungua, wanakuja na kupigwa. Wamefika arobaini na kitu. Nyumba hii ni ya ranchi, unajua. Mama ana miaka themanini na mmoja na kitanda chake kinatazama dirisha analolijua.

Nakuomba jambo. Kwenye karatasi ya mwisho mtakayompelekea Inginia, andikeni kwamba bomba lilipasuka. Mabomba hupasuka. Bomba halina mama atakayefukuzwa nyumbani.

Kaka yako,
Abdón


Monterrey
26 Septemba 2011

Kaka Abdón, shikamoo. Tuko salama.

Sitaandika kwamba bomba lilipasuka. Wala sitaandika kwamba ni wewe. Karatasi yetu haina pa kuandikia lolote kati ya hayo, na leo kwa mara ya kwanza nimeshukuru kwa upungufu wake. Itasema damu ya ndani, damu ya nje, na kwamba visubi wanatoka kwenye tope karibu na maji na tope likaushwe. Nimeongeza mstari mmoja ambao mkuu alinikazia macho kwa ajili yake, kwamba walio na kingamwili si wagonjwa na kuwaua hakusaidii kitu.

Inatoka leo Jumatatu, itamfikia Alhamisi. Atakapoisoma, mimi nitakuwa hapa na vitobo vyangu. Atakayekuwa amesimama mbele yake ni wewe. Akiisoma peke yake, ataisoma kama ile ya kwanza.

Mimi siwezi kukuambia la kufanya. Ninaweza kukuambia kwamba nina chumba kimoja na nusu. Nusu ni ya mashine ya kushonea, inaweza kuhama.

Zile siku mbili nilizokasirika nilidhani ni kwa sababu ya uongo. Sivyo. Ni kwa sababu ningelifunga boya na mimi.

Mdogo wako,
Nohemí


Las Tapias
4 Oktoba 2011

Mdogo wangu Nohemí,

Sisi wazima kwa maana ya kwamba tunatembea. Nakuandikia juu ya boksi, meza imeshafungwa kamba.

Karatasi ilikuja Alhamisi kama ulivyosema. Inginia aliifungulia kwenye boneti ya gari.

"Kumi na watatu kati ya kumi na wanne! Nilikuambia nini, Abdón? Wanao wote!"

"Waliupata wakaumaliza, Inginia. Soma mstari wa chini."

"Wa chini ni maneno tu. Juu ni namba."

"Soma na hapo palipoandikwa tope."

Akasoma. Midomo yake inatembea akisoma, sikuwahi kuona. "Tope gani? Mimi sina tope. Mimi nina mwaka mzima bila mvua."

Nohemí, nilikuwa nimejiandalia hotuba. Nilikuwa naye Baba, Don Leocadio, mbuzi, jike mwenye mimba, wote nimewapanga. Kikatoka kitu kimoja: "Maji niliyafungua mimi. Tangu Mei."

Akadhani sikumwelewa. "Nani aliyafungua?"

"Mimi. Nililifunga boya kwa waya. Hawa wa nje walikuwa na kiu."

Alivua kofia, akaiweka juu ya boneti. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Ulimwona Gavana anakufa, ukajua?"

"Gavana nilikuwa sijajua. Waliofuata nilijua."

"Wangapi?"

"Sita."

"Ningeweza kukupeleka mahakamani."

"Ndiyo, Inginia."

"Miaka ishirini na miwili."

"Ndiyo, Inginia."

Akaikunja karatasi, lakini safari hii polepole, akaitia mfuko wa shati. Wale ndugu aliwaachisha mchana ule ule. Si huruma. Alikuwa ameshapata wa kumlaumu, na mimi sigharimu risasi. Yule mkubwa alikuja kuniaga, akanipa mkono, akasema, "Mzee, kwa hiyo nilikuwa nakuombea baraka wewe." Nikamwambia zinarudishwa.

Mimi amenipa hadi Ijumaa. Sharti lake ni kwamba nisiondoke kabla sijalikausha tope mwenyewe. Nimefungua waya. Boya likapanda, maji yakafunga kwa sauti ndogo ya koo. Siku nne nimepindua tope kwa reki na kulimwagia chokaa, ndani na nje. Visubi wamepungua, hilo nitalisema mahakamani akinipeleka. Ndani ya uzio hajafa mwingine tangu Jumapili.

Wa nje wamekuja, bila shaka. Wamebaki wachache na wanakuja kwa kuchungulia, lakini wanakuja. Wananusa pale palipokuwa na dimbwi, wanapata chokaa puani, wanapiga chafya. Hiyo ndiyo shukrani ya kuwaokoa na risasi. Wanasimama kidogo, halafu wanatazamana kama watu waliokuta ofisi imefungwa, kila mmoja akidhani mwenzake anajua ofisi nyingine iko wapi. Leo asubuhi wameelekea magharibi. Upande wa magharibi kuna mto, siku mbili kwa miguu ya mtu, ya kulungu sijui. Mwaka huu sina uhakika hata kama mto upo.

Mtu mpya ameshafika, mpole, ametoka kufuga kondoo. Nilimwonyesha pumba, dawa, funguo. Akaniuliza, "Na wale wa nje, wanakunywa wapi?" Nilitazama kama Inginia yuko karibu. Nikamwambia swali hilo asilirudie mbele ya mtu, hasa mbele ya nafsi yake akiwa peke yake alfajiri.

Tunakuja na basi la Ijumaa la saa nne asubuhi. Mama hajalia. Amefunga masufuria, akanipa orodha ya vitu ulivyovunja ukiwa na miaka tisa. Jana usoni mwake kulikuwa na neno, nikangoja. Anataka nikuulize kama huko kwako maji ya bomba yanatoka kila siku.

Kaka yako,
Abdón


Monterrey
5 Oktoba 2011

Kaka, shikamoo, na Mama, shikamoo.

Nampa Melquiades hii akigeuza basi. Mashine imehama.

Hayatoki kila siku. Yanatoka Jumatatu na Alhamisi, tangu alfajiri hadi saa tatu, na mama wa chumba cha chini hana pipa, kwa hiyo tunakinga pamoja. Leteni ndoo zote.

Mdogo wenu na mwanao,
Nohemí